Chuo Kisicho na Lango: Kuiandaa Kompyuta Kabla ya Kuingia Mtandao wa Chuo, Toronto

Mgeni anayefika Chuo Kikuu cha Toronto kwa mara ya kwanza hutafuta lango. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea chuo chenye lango. La Makerere linajulikana na kila mwendesha boda wa Kampala, na Mlimani, Dar es Salaam, kuna askari njiani. Kampasi ya St. George, katikati ya jiji la Toronto, ni tofauti. Unashuka kituo cha treni ya chini ya ardhi cha St. George au cha Museum, unapanda ngazi, unatembea hatua chache kando ya barabara, na tayari uko chuoni. Mitaa ya jiji inapita baina ya madarasa. Wazee wanatembeza mbwa, watalii wanapiga picha, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Lakini lango lipo, liko kwenye skrini. Mwanafunzi huchagua masomo na kuona ada yake katika mfumo unaoitwa ACORN, na mihadhara na kazi za darasani ziko kwenye mfumo mwingine, Quercus. Majina yote mawili yanatokana na mti wa mwaloni: la kwanza ni mbegu yake, la pili ni jina la mti wenyewe kwa Kilatini. Mifumo hiyo hufunguka kwa intaneti yoyote ile, ila kijana aliyeshuka Pearson juzi hana intaneti nyingine isipokuwa bando alilonunua kwa bei inayotisha. Kwa hiyo kila kitu kinategemea kompyuta yake ikubalike kwenye mtandao wa chuo, na ikubalike mapema, kwa sababu masomo huanza mara tu baada ya Siku ya Wafanyakazi, ambayo hapa Kanada ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Mimi si mtumishi wa chuo chochote. Ila kwa miaka kadhaa sasa, ikifika wiki ya mwisho ya Agosti, familia za jamii yetu huniomba niwaangalizie watoto kompyuta zao. Jambo moja nimelishuhudia tena na tena: mara nyingi kompyuta haina ubovu wowote. Imekuja tu na mipangilio ya nyumbani. Kila mpangilio uliwekwa kwa sababu nzuri, na fundi wa saiba, na kaka, na mwalimu wa chuo cha kwanza. Ulifanya kazi kule. Hapa ndio unaofunga mlango. Na kuna ugumu mwingine: ukishafika mlangoni, unahitaji mtandao ili ujue namna ya kurekebisha mtandao. Ndiyo maana nasema kazi hii ifanywe kabla, mahali penye utulivu.

Mahali ninapopapenda ni Maktaba ya Marejeo ya Toronto, namba 789 mtaa wa Yonge, hatua chache kaskazini ya mtaa wa Bloor. Ilifunguliwa mwaka 1977, na aliyeichora ni Raymond Moriyama, Mkanada mwenye asili ya Japani ambaye utotoni alifungwa kambini na familia yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaja kusoma usanifu majengo katika chuo hikihiki cha Toronto. Ndani pako wazi mpaka juu kabisa, ghorofa zimepangana kama ngazi zikizunguka uwanja wa kati, na mwanga unashuka kutoka darini. Intaneti ni bure. Keti, chomeka chaja yako kwa adapta, maana soketi za Kanada si kama zetu, kisha fungua mipangilio ya mtandao.

La kwanza ni anwani. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao hupewa namba ya kuitambulisha. Katika ofisi ndogo na saiba zetu, fundi mara nyingi huiandika namba hiyo kwa mkono, kwa kawaida moja inayoanza na 192.168, ili mashine zisigombane. Kwenye mtandao wa chuo chenye makumi ya maelfu ya watu, ni mtandao wenyewe unaogawa namba. Mgeni mwenye adabu hangoji tu kukaribishwa ndani, hungoja pia kuonyeshwa pa kukaa. Kompyuta iliyoandikiwa namba ya zamani huingia na kukalia kiti isichopewa. Kwa hiyo tafuta sehemu ya anwani ya IP, uirudishe kwenye hali ya kujipatia yenyewe, ambayo kwenye skrini huandikwa DHCP. Ukiwa chuoni na ukaona namba inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani na haikujibiwa.

La pili ni DNS, yaani daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa namba. Wengi tumewekewa 8.8.8.8, kwa sababu huduma ya kampuni ya simu ilikuwa ya kusuasua. Tatizo ni kwamba mitandao ya hoteli, viwanja vya ndege na baadhi ya mabweni hutumia daftari lake yenyewe kukuletea ukurasa wa kujiandikisha. Ukishikilia daftari la mbali, ukurasa huo huenda usitokee kabisa, nawe utabaki kuona duara likizunguka. Rudisha hali ya kujipatia yenyewe. Hapohapo angalia proksi: kama chuo au ofisi ya nyumbani ilikutaka upitie seva yake, izime, la sivyo kila ukurasa utapigania kupita kwenye seva iliyoko Dodoma au Eldoret. Na VPN izimwe mpaka umalize kujiandikisha. Baada ya hapo unaweza kuiwasha ukitaka.

La tatu halionekani kuwa la mtandao, lakini ndilo lililonifanya niandike makala haya. Ni kibodi.

Kijana mmoja kutoka Mombasa alikuja kusoma katika chuo kimoja cha hapa akiwa na laptopu ya mtumba, zile tunazoziita Kenya "ex-UK". Nenosiri lake alilitengeneza kwa simu, na ndani yake mlikuwa na alama ya @. Kwenye laptopu likakataliwa. Akajaribu tena na tena, akaunti ikajifunga. Siku tatu alikaa chumbani akiamini kuna kasoro katika usajili wake. Nyumbani kulifanywa harambee kwa ajili yake, na wajomba waliochanga walikuwa wanapiga simu kila jioni kuuliza masomo yanaendeleaje. Mama yake ndiye aliyenipigia, sauti imekauka: "Kaka, niambie ukweli. Wamemkataa mwanangu?"

Hakukataliwa na mtu. Kibodi za Uingereza na za Marekani zimebadilishana mahali pa alama mbili: palipo na @ kwenye ile ya Uingereza, ile ya Marekani ina alama ya kufungulia maneno. Laptopu ilikuwa na vitufe vya Uingereza, lakini alipofika Kanada mpangilio wake ukawekwa wa Marekani. Akibonyeza kitufe chenye @, kompyuta inaandika ", na kwa kuwa nenosiri huonekana kama vidoti, asingeweza kujua. Nilimwambia afungue ukurasa mtupu wa kuandikia aandike @. Alipoona kilichotokea alicheka, kisha akanyamaza kwa muda. "Mjomba," akasema, "siku tatu sijala vizuri kwa sababu ya kitufe?"

Toronto ina mtego wake mwingine wa namna hiyo. Kanada ina lugha rasmi mbili, na laptopu iliyonunuliwa hapa inaweza kuwa na kibodi ya Kifaransa cha Kanada, ambayo kitufe cha mkwaju hutoa é. Kwa hiyo kabla ya kuandika nenosiri mahali popote, jaribu kwanza alama zako zote kwenye ukurasa mtupu, moja moja na si nenosiri zima, kisha ufute.

Ukimaliza maktabani, tembea. Fuata mtaa wa Bloor kuelekea magharibi hadi Makumbusho ya Kifalme ya Ontario, kisha pinda kusini uingie njia ya miguu iitwayo Philosopher's Walk. Inapinda kama mto kwa sababu chini yake kweli kuna mto: kijito cha Taddle, kilichofukiwa katika miaka ya 1880 jiji lilipokuwa linapanuka. Endelea kusini mpaka King's College Circle, na barabara inayoteremka kutoka hapo itakufikisha kwenye jengo la uhandisi lenye jina la Sandford Fleming.

Fleming alikuwa mhandisi wa reli, mzaliwa wa Scotland. Reli zilimfundisha kwamba haiwezekani kila mji kuwa na saa yake. Tarehe 8 Februari 1879, mbele ya mkutano wa Canadian Institute hapa Toronto, alisoma hoja ya kuigawa dunia katika kanda 24 zinazohesabiwa kutoka wakati mmoja wa pamoja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1884, mataifa yalikutana Washington na kuichagua Greenwich kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu.

Nawapeleka vijana mbele ya jengo hilo kwa sababu moja: saa ya kompyuta imejengwa kwa wazo lilelile. Ndani yake kuna wakati mmoja wa dunia nzima, na kanda uliyoichagua ni namna tu ya kuusoma. Waswahili jambo hili halitupi shida. Saa ya ukutani inaonyesha nane, sisi tunasema saa mbili asubuhi, na hakuna anayechelewa; wakati ni uleule, tofauti ni usomaji. Sasa, wakati wa kiangazi Toronto iko nyuma ya Nairobi kwa saa saba: kule ikiwa saa nne usiku, hapa ni saa tisa alasiri. Majira ya baridi tofauti huwa saa nane, kwa sababu hapa saa husogezwa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Msafiri akishuka na simu isiyo na laini, hufungua mipangilio na kuirudisha saa nyuma kwa mkono, huku kanda ikibaki ya Nairobi. Machoni saa ni sahihi. Ndani, simu imeamini kuwa dunia nzima imerudi nyuma saa saba.

Matokeo yake ni haya: programu nyingi zinazotoa namba za siri za kuthibitisha hutengeneza namba mpya kila sekunde 30 kwa kufuata wakati huo wa ndani. Simu iliyochelewa saa saba hutoa namba zilizokwisha muda wake. Mwanafunzi anaandika, anakataliwa, anaandika tena. Na kama betri ya laptopu ilikufa njiani na saa ikarudi miaka nyuma, hata tovuti za kawaida zitakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vitaonekana havijaanza kutumika. Dawa ni moja: chagua kanda ya Toronto, kisha acha saa ijiweke yenyewe.

Kutoka hapo rudi kaskazini hadi Maktaba ya Robarts, kona ya mtaa wa St. George na Harbord. Huwezi kuipita. Ni mlima wa zege wa ghorofa 14, ulifunguliwa mwaka 1973, na ukiutazama kutoka pembeni unafanana na tausi. Wengine husema bata mzinga. Ndani yake kuna ofisi inayotoa TCard, kitambulisho cha mwanafunzi, na pia dawati la msaada wa kompyuta. Jina la kuingilia mtandaoni chuoni hapa huitwa UTORid. Mitandao mikuu ya waifai ni miwili, UofT na eduroam, na ule wa pili ndio wenye kisa.

Eduroam ni makubaliano ya vyuo vya dunia. Wazo lilitolewa Uholanzi mwaka 2002 na Klaas Wierenga: mwanafunzi wa chuo kimoja aweze kuunganishwa akiwa chuo kingine, kwa jina na nenosiri la kwao. Kenya huduma hiyo inaendeshwa na KENET, Uganda na RENU. Sasa chukua binti aliyemaliza shahada ya kwanza Kampala akaja Toronto kusoma zaidi. Laptopu yake inauona mtandao wenye jina la eduroam na, bila kumuuliza, inabisha hodi kwa jina lake la zamani. Swali linasafiri kutoka Toronto hadi chuo chake cha Uganda: huyu ni wenu? Kama akaunti bado hai, jibu linarudi ndiyo, na anaunganishwa. Kama ilishafungwa, jibu ni hapana, kila mara, na yeye anadhani Toronto ndiyo inayomkataa.

Kwa hiyo kabla ya kufika chuoni, nenda kwenye orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, uiambie kompyuta iisahau eduroam, kisha uanze upya. Jina la kuandika ni UTORid yako ikifuatwa na @utoronto.ca. Si anwani yako ya barua pepe ya chuo, ambayo ina neno mail ndani yake; wengi huchanganya hizi mbili.

Utakapounganishwa mara ya kwanza, kompyuta inaweza kukuonyesha cheti cha seva na kukuuliza kama unakiamini. Hapa usibofye kwa haraka. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuuita mtandao wake jina la chuo na kukaa mgahawani akingoja manenosiri. Linganisha jina la seva na lile lililo kwenye maelekezo rasmi ya chuo. Yakitofautiana, acha, uliza dawati la msaada. Anwani, daftari la majina na saa, mwachie mwenyeji akupangie. Jina, nenosiri na namba za kuthibitisha, usimwachie mtu yeyote, hata anayejitambulisha kwa simu kuwa ni wa ofisi ya chuo.

Wanaokaa mabwenini wana jambo moja zaidi. Printa, runinga na mashine za michezo mara nyingi haziwezi kuingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri lake, kwa hiyo baadhi ya mabweni huzisajili kwa anwani ya kifaa chenyewe, tarakimu na herufi 12. Shida ni kwamba simu na laptopu za siku hizi huificha anwani yao halisi na kutumia ya kubuni ili zisifuatiliwe. iPhone zimefanya hivyo tangu mwaka 2020. Ukisajili anwani ya kubuni, ikibadilika utakuwa mgeni upya. Kuitambua ni rahisi: tazama herufi ya pili katika anwani. Ikiwa ni 2, 6, A au E, karibu kila mara ni ya kubuni. Zima ufichaji kwa mtandao wa bweni peke yake, na uuache kwa mitandao mingine yote, kwa kuwa unakulinda.

Vyuo vingine vya jiji, kama York kule kaskazini au Toronto Metropolitan ambacho hadi mwaka 2022 kiliitwa Ryerson, vina majina tofauti ya mitandao na ya akaunti. Mipangilio ya kurekebisha kabla ya kwenda ni ileile.

Wazazi mlioko nyumbani mnaosoma haya, kuna kazi moja yenu, na inafanyika kabla ya ndege kuruka. Angalieni namba za kuthibitisha za mwanenu zinatumwa wapi. Zikitumwa kwa ujumbe kwenye laini ya nyumbani, na laini hiyo haina huduma ughaibuni, akifika atakuwa na nenosiri sahihi na bado mlango umefungwa. Ahamishie uthibitisho kwenye programu ya simu, asajili kifaa cha pili kama chuo kinaruhusu, na namba za akiba aziandike kwenye karatasi inayosafiri mfukoni, si kwenye begi linaloingia chini ya ndege. Mwambieni pia, kwa maneno haya hasa, kwamba kompyuta ikikataa si yeye aliyekataliwa, na kwamba dawati la msaada lipo kwa ajili hiyo. Vijana wetu wengi huona haya kuuliza, wakaishia kununua bando kwa pesa ya chakula.

Na faida ya kuyapanga vizuri haiishii hapa. Mwaka jana binti mmoja wa jamii yetu alirudi likizo Nairobi, akaenda kumtembelea dada yake chuoni. Wamekaa kivulini wakipiga soga, laptopu imefunguliwa, ikajiunganisha yenyewe. Safari hii swali lilitoka Nairobi kuja Toronto, na jibu likarudi kwamba ni wetu. Dada yake, ambaye anasoma hapohapo, alikuwa bado anahangaika na nenosiri lake.